Wingi wa majina ambatani na majina ya kampuni kwa Kiingereza: mwongozo kamili

Kila msimu wa wageni unapokaribia, meza yangu hujaa karatasi za watu. Orodha za bei za nyumba za wageni, vipeperushi vya ziara, barua za kwenda wizarani, maneno ya kupaka kwenye vibao vya njiani. Kiingereza chenyewe mara nyingi kimekaa sawa. Kinachoharibu ni herufi moja, *s*, iliyobandikwa pasipo pake: *spices tours*, *passer-bys*, *Attorneys Generals*, *taxi's*.

Makosa ni yale yale, mwaka nenda mwaka rudi, na wanaoyafanya si wajinga. Ni watu wanaozungumza na wageni kutwa kucha. Skuli walifundishwa kwamba wingi wa *book* ni *books*, wakaachiwa hapo. Hakuna aliyewaambia la kufanya pale maneno mawili au matatu yanaposhikana kuwa jina la kitu kimoja, wala jina hilo linapokuwa la kampuni.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Usiruke ya kwanza, maana nyingine zote zimesimama juu yake.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, ya kitabu au ya simu. Ile ya Kiingereza kwa Kiswahili mara nyingi haikuoneshi wingi. Unachotafuta ndani yake ni kifupisho *pl.*, na neno linalokifuata ndilo wingi wenyewe.
- Daftari, na kalamu mbili za rangi tofauti. Mimi hutumia nyekundu na buluu.
- Maandishi yako yote yaliyokamilika, si vipande. Kosa lililosahihishwa ukurasa wa kwanza hupenda kujificha ukurasa wa tatu.
- Kama kuna jina la kampuni, nakala ya cheti chake cha usajili. Kwa kampuni za hapa, ni kile kinachotolewa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar, BPRA. Sababu utaiona hatua ya 9.

## Hatua ya 1: Liandike jina kwa Kiswahili, kisha litie katika wingi

Ndiyo, kwa Kiswahili. Wewe ni mjuzi wa wingi tangu ulipoanza kusema. Hujawahi kukosea baina ya *mpita njia* na *wapita njia*, na hakuna aliyekufundisha. Ujuzi huo ndio tutakaoutumia.

Chukua *passer-by*. Kwa Kiswahili ni *mpita njia*. Tia katika wingi: *wapita njia*. Kilichobadilika ni kipi? *Mpita* amekuwa *wapita*. *Njia* imebaki ilivyo. Chukua *bus stop*: *kituo cha basi*, *vituo vya basi*. Kituo kimebadilika, basi halikuguswa.

Neno linalobadilika mimi huliita nahodha. Yaliyobaki ni abiria. Mpigie nahodha mstari mwekundu, abiria wapigie wa buluu.

Sababu ni kwamba wingi unahesabu kitu, hauhesabu maelezo ya kitu. Ukisema vituo vitatu vya basi umehesabu vituo. Basi lenyewe huenda ni moja tu, linapita asubuhi na jioni.

Onyo: Usianze na Kiingereza. Ukikitazama moja kwa moja, jicho litakimbilia neno la mwisho na mkono utabandika *s* kabla hujafikiri.

Ukifaulu: Kila jina kwenye daftari lako lina mstari mwekundu mmoja tu. Ukikuta miwili kwenye jina moja, rudi nyuma. Watu wa pwani walishasema manahodha wengi chombo huenda mrama, na kwa majina haya ndivyo hasa ilivyo.

## Hatua ya 2: Mtafute nahodha huyo huyo ndani ya Kiingereza

Hapa ndipo lugha zetu mbili zinapopeana mgongo. Kiswahili humweka nahodha mbele: *soko la samaki*, *boti ya uvuvi*, *kituo cha basi*. Kiingereza, maneno yakipangwa bila kiungo baina yao, humweka nyuma. Kwa hiyo *s* huenda nyuma naye:

*fish markets, fishing boats, bus stops, guest houses, boarding passes, life jackets*

Lakini Kiingereza kikitumia kiungo kama *of* au *in*, nahodha anarudi mbele kama kwetu. Ichukulie *of* kuwa ndugu yake *ya*, *cha* na *la*. Mtu anayesafirisha mzigo kupitia bandari ya Malindi, hapa Unguja, anashika hati hizi kila wiki:

*bills of lading, certificates of origin, letters of credit, powers of attorney*

Na hivyo hivyo *mothers-in-law*, *editors-in-chief*, *commanders-in-chief*. *Passers-by* na *runners-up* nazo zimo humu, ijapokuwa kuna kistari. Timu mbili zilizowahi kumaliza za pili kwenye Kombe la Mapinduzi ni *two runners-up*, si *two runner-ups*, kwa sababu mwenye kuhesabiwa ni *runner*.

Kuna jambo moja linalowachanganya hata walimu. Tukisema nyumba ya mama mkwe, alama ya umiliki huenda mwisho kabisa: *my mother-in-law's house*. Wingi unamfuata nahodha. Umiliki unafuata jina zima. Vikikutana vyote viwili unapata *my mothers-in-law's houses*. Ni sahihi, lakini inakwama kooni. Andika *the houses of my mothers-in-law* na upumue.

Onyo: *Mother-in-laws* utaisikia ikisemwa, hata na wenye lugha yao. Kwenye karatasi usiiandike.

Ukifaulu: Unaweza kumwekea kidole nahodha kwenye Kiswahili na kwenye Kiingereza, na ni mtu yule yule.

## Hatua ya 3: Mwache abiria katika umoja

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu kwa wenzetu wa utalii kosa hili ndilo linaloongoza.

Jioni moja kijana anayetembeza wageni mashamba ya viungo ya Kizimbani aliniletea kibao chake. Mbao bado ilinuka rangi. Juu yake, kwa herufi za njano zenye kivuli cheusi, aliandikiwa *SPICES TOURS*. Nikamwambia *s* ya kwanza iondoke.

"Maalim, viungo si vingi?" akasema. "Nina mdalasini, nina iliki, kungumanga, pilipili manga, karafuu, vanila. Nikiandika *spice* mgeni atadhani ninacho kimoja."

"Mswaki kwa Kiingereza ni nini?"

"*Toothbrush*."

"Na wewe unapiga mswaki meno mangapi?"

Akanyamaza, akakitazama kibao, kisha akacheka. *Toothbrush*, si *teethbrush*. Meno ni mengi lakini neno liko katika umoja, kwa sababu kazi yake pale si kuhesabu meno. Kazi yake ni kutuambia ni burashi ya aina gani. *Spice* kwenye *spice tour* inafanya kazi hiyo hiyo.

Kiswahili ndicho kinachotuponza hapa. Sisi abiria wetu tunamtia katika wingi kila akiwa mwingi: duka la *viatu*, duka la *vitabu*, shamba la *mikarafuu*, ziara ya *viungo*. Kwa hiyo hatua ya 1 itakupa nahodha sahihi, lakini usimnakili abiria. Mrudishe kwenye umoja:

*shoe shops, bookshops, clove farms, coconut trees, ticket offices, tour guides*

Sheria hii inashika mpaka kwenye tarakimu. Ziara ya siku tatu ni *a three-day tour*, na ziara kadhaa za namna hiyo ni *three-day tours*. Siku ni tatu, bado *day* haina *s*, maana imegeuka maelezo. Vivyo hivyo *five-star hotels*, *four-bedroom houses*, *20-foot containers*. Usisahau kistari. Maneno yakiachana na kurudi kwenye kazi yake ya kuhesabu, *s* inarudi: *The tour lasts three days*.

Kuna abiria wachache wanaobaki na *s* yao, na kwa sababu ya maana: ukiwavua, wanakuwa neno jingine. *Customs officer* ni ofisa wa forodha. *Custom* peke yake ni mila, na hakuna anayekwenda kulipia ushuru kwa ofisa wa mila. *Goods* ni bidhaa, *good* ni zuri. *Arms* ni silaha, *arm* ni mkono. Hivyo tunaandika *customs officers*, *goods trains*, *arms dealers*, na pamoja nao *savings accounts*, *clothes shops*, *sports clubs*, *sales managers*. Wenye mikahawa wakumbuke *drinks menu*. Hawa wa kujifunza mmoja mmoja, na kamusi itakusaidia.

Ukifaulu: Kwenye maneno uliyoyapigia mstari wa buluu hakuna *s* ya wingi hata moja, isipokuwa ile uliyoikuta kwenye kamusi kwa macho yako.

## Hatua ya 4: Kumbuka kwamba sifa ya Kiingereza haifuati wingi

Zanzibar ina Mwanasheria Mkuu wake, na Jamhuri ya Muungano ina wake. Wakikutana, kwa Kiswahili ni wanasheria *wakuu*. Sifa imemfuata nomino, kama adabu ya lugha yetu inavyotaka. Mwandishi wa habari anayekiandika kikao hicho kwa Kiingereza hubeba adabu hiyo akaandika *the two Attorneys Generals*, manahodha wawili kwenye jahazi moja.

Sifa ya Kiingereza haina wingi. *General* hapa ni sifa, maana yake mkuu, na imekaa nyuma ya nomino yake kinyume na desturi ya lugha hiyo. Andika *the two Attorneys General*. Kamusi nyingine zinakubali *attorney generals*, lakini kwenye barua rasmi shika ya kwanza. Wengine wa aina hii ni *Secretaries General*, *Directors General*, *notaries public* na *courts martial*.

Sifa ikikaa mbele, ambako ndiko kwao, kazi ni nyepesi: *Principal Secretaries* kwa makatibu wakuu wa wizara zetu, *Regional Commissioners* kwa wakuu wa mikoa yetu 5, *District Commissioners* kwa wakuu wa wilaya 11. Neno la mwisho tu ndilo linaloguswa.

Onyo la kwanza: Jeshini mambo yanageuka. *Major General* ni aina ya jenerali. *General* ndiye nahodha. Wingi ni *Major Generals*.

Onyo la pili: Kipimo cha Kiswahili kinayumba kwenye *makamu* na *naibu*. Tangu 2010 Zanzibar ina Makamu wa Kwanza na Makamu wa Pili wa Rais, na Kiswahili kitakuonesha kwamba nahodha ni *makamu*. Kiingereza hakikioni hivyo. *Vice*, *deputy* na *assistant* huchukuliwa kuwa viambatisho tu: *two Vice Presidents*, *Deputy Ministers*, *assistant secretaries*. Ukiyakuta maneno hayo matatu mbele, peleka *s* mwisho bila kuuliza.

## Hatua ya 5: Pasipo na nahodha, peleka *s* mwisho

Kuna majina ambayo ukiyafungua ndani humkuti nahodha. *Check-in* ni kitenzi na kielezi. *Grown-up*, *take-off*, *breakdown*, *go-between*, ambaye kwetu ni mshenga au dalali, wote ni vivyo hivyo. Hakuna neno ndani yake linaloweza kusimama peke yake kuwa jina la mtu au kitu.

Hapo jina zima linachukuliwa kuwa kitu kimoja, na *s* inakwenda mwisho: *check-ins*, *grown-ups*, *take-offs*, *breakdowns*, *go-betweens*, *merry-go-rounds*.

Linganisha *passer-by* na *lay-by*, ile sehemu ya kando ya barabara ya kusimamishia gari. Zote zinaishia na *by*. Lakini *passer* ni mtu, anahesabika, hivyo *passers-by*. *Lay* si mtu wala kitu, hivyo *lay-bys*. Na tazama vizuri: ni *bys*, si *bies*. Ile kanuni ya kugeuza *y* kuwa *ies* haifiki hapa.

Wenye nyumba za wageni wanaotoa chumba na chai ya asubuhi wana *bed and breakfasts*. Vitanda ni vingi, najua, lakini hilo ni jina la biashara moja. Kwa kifupi *B&Bs*.

## Hatua ya 6: Tenga *man* na *woman*

Kiswahili kina *mwanamke* na *wanawake*, ambamo mwana na mke wote wamebadilika. Kiingereza kina mfano mmoja wa karibu na huo. *Man* au *woman* ikitangulia kuonesha jinsia ya mtu, zote mbili zinaingia wingi: *women doctors*, *women drivers*, na kwa mama zetu wa Paje na Jambiani, *women seaweed farmers*.

Ikiwa mwisho wa neno, *man* hugeuka *men*: *fishermen*, *boatmen*, *policemen*. Lakini hakikisha ni *man* ya mtu kweli. *German* wala *human* hazikutokana nayo, na wingi wake ni *Germans* na *humans*. Nimewahi kuona *Germen speaking guide* imechapwa kwenye fulana. Hapo palikuwa na makosa mawili, maana kilichotakiwa ni *German-speaking guide*, bila wingi wowote.

## Hatua ya 7: Pima ujazo na *-ful*

Hatua fupi, ya wapishi hasa. Vijiko viwili vya sukari kwenye mapishi ni *two spoonfuls of sugar*, *s* ikiwa mwisho. *Two spoons full of sugar* ni vijiko viwili vya chuma vilivyojaa sukari, vimelala mezani. Cha kwanza ni kipimo, unaweza kukipata kwa kijiko kimoja ukichota mara mbili. Vivyo hivyo *handfuls* na *bucketfuls*, zote kwa *l* moja.

## Hatua ya 8: Futa ritifaa zote, kisha rudisha zinazostahiki

Ritifaa ni ile alama tunayoiweka kwenye *ng'ombe*. Kwenye Kiingereza ina kazi zake, na kuonesha wingi wa nomino ya kawaida si mojawapo. *Taxi's*, *tour's*, *room's*, *NGO's*: zote hizi zimeandikwa na watu waliodhani *s* haiwezi kusimama bila mlinzi.

Fanya hivi. Pitia karatasi yako yote na ufute kila ritifaa iliyo kabla ya *s*. Kila moja kabla ya kuirudisha, uliza: kuna kitu kinachomilikiwa kinafuata? *The guide's phone*, simu ya mtembeza wageni; rudisha. *Taxis available*, hakuna kinachomilikiwa, iache ilivyofutwa. Zitakazobaki ni zile za kufupisha, kama *it's* iliyotoka kwenye *it is*, na zilizomo ndani ya majina ya kampuni, ambazo tunazifikia sasa hivi.

Vifupisho navyo havihitaji: *ATMs*, *NGOs*, *SIM cards*, *DCs*.

Na maneno yetu yakiingia Kiingereza yanafuata sheria za huko: *dhows*, *kangas*, *shehas*, *daladalas*. Chagua wingi mmoja. *Mashehas* ni mtu aliyevaa kofia mbili.

Ukifaulu: Kwa kila ritifaa iliyobaki unaweza kumwambia mtu kwa sentensi moja kwa nini ipo.

## Hatua ya 9: Majina ya kampuni

Hapa kanuni inageuka. Nomino ya kawaida ni mali ya kila mtu. Unaitia wingi upendavyo. Jina la kampuni ni la mwenyewe, limeandikwa kwenye cheti, na herufi zake haziguswi. Ndiyo sababu nilikwambia uwe na nakala. Kabla ya kitu chochote, linganisha herufi kwa herufi: kuna *and* au *&*, kuna *Ltd* au *Limited*, *Tour* au *Tours*, kuna ritifaa au haipo. Cheti kikisema *Tour*, andika *Tour*, hata kama sikio lako linataka *Tours*.

### 9a. Vitu vingi vya kampuni moja

Usiliongeze jina *s*. Lete nomino ya kawaida nyuma yake, na hiyo ndiyo ibebe wingi. Boti mbili za Azam Marine ni *two Azam Marine ferries*. Ndege tatu za Kenya Airways ni *three Kenya Airways planes*. Jina limekuwa abiria, nahodha ni *ferries* au *planes*, na umerudi kwenye hatua ya 2 bila kujua.

Njia hii inakuokoa karibu kila mahali. Mtu akiniuliza swali la jina la kampuni na sina muda, jibu langu ni hilo: weka nomino nyuma.

### 9b. Jina linaloishia na *s*

Kampuni nyingi za utalii hapa huishia na *Tours and Safaris*. Mwandishi huona *s* mbili, akaandika *are*. Kampuni ni moja. Kwenye barua rasmi iwe *is*, *has*, *its*: *Kenya Airways is…*, *Emirates has…*, *General Motors announces…*

Uingereza utawasikia watu wakitumia *are* na *have* kwa kampuni, wakiwafikiria watu waliomo ndani. Hilo si kosa kwao. Kosa ni kuchanganya: sentensi ya kwanza *our company is*, ya pili *our company have*. Chagua moja, na ushauri wangu ni umoja, kwa sababu ndio unaokubalika kote.

### 9c. Jina lenye ritifaa ndani

*McDonald's*, *Sainsbury's*, *Levi's*. Ritifaa hiyo ni sehemu ya jina, kwa hiyo hatua ya 8 isiifute. Wala usilibandike wingi juu yake. *McDonald'ses* haipendezi jicho wala sikio. Rudi 9a: *two McDonald's restaurants*, *two pairs of Levi's*.

### 9d. Bidhaa inayoitwa kwa jina la kampuni

Kwenye mazungumzo tunasema Toyota mbili, Vespa tatu. Kiingereza nacho kinaruhusu: *two Toyotas*, *three Vespas*, *Land Cruisers*, *Noahs*. Mambo matatu tu ya kuangalia.

La kwanza, *y* haigeuki. Jina lazima libaki likijulikana. Gari mbili za Suzuki Carry ni *two Suzuki Carrys*, si *Carries*, ambayo ingekuwa kitenzi cha kubeba. Simu za BlackBerry ni *BlackBerrys*, ingawa matunda ni *blackberries*.

La pili, jina likiishia kwa sauti ya *s*, *x* au *z*, ongeza *es*: *Lexuses*, *Rolexes*. *Mercedeses* inaruhusiwa lakini ulimi unagongana. Andika *Mercedes cars*.

La tatu, *man* ya kibiashara si ya mtu. Kicheza kaseti cha mkononi cha Sony kilichoitwa Walkman, wingi wake wa kawaida ni *Walkmans*.

Wakati mwingine mwenye jina ana lake la kusema. LEGO wa Denmark hutaka iandikwe *LEGO bricks*, wala si *Legos*. Mwaka 2011 Toyota ya Marekani iliwapigisha watu kura juu ya wingi wa Prius, ikatangaza kuwa ni *Prii*. Watu wengi wanaendelea kuandika *Priuses*. Ukiandikia kampuni yenyewe, fuata inavyotaka. Ukiandika kwa ajili ya wasomaji wako, fuata kamusi.

### 9e. Majina ya watu na koo

Kanuni ya *y* na *s* ni ile ile, na biashara nyingi zimebeba majina ya watu. Marais wawili wa Zanzibar, Abeid Amani Karume na mwanawe Amani Abeid Karume, ni *the two Karumes*. Mzee Ali Hassan Mwinyi na mwanawe Hussein ni *the two Mwinyis*.

Darasa lenye akina Khamis wawili, na darasa gani hapa halina, lina *two Khamises*. Jina la Abbas ni *Abbases*. *Khamis's* yenye ritifaa ni kitu cha Khamis mmoja, kama *Khamis's shop*.

Ukifaulu kwenye hatua ya 9: Unaweza kuliziba jina la kampuni kwa kidole, ukainua, na kila herufi iliyo chini yake ikawa ile iliyopo kwenye cheti. Wingi wote uko nje ya jina, isipokuwa kwenye bidhaa za 9d na watu wa 9e.

## Hatua ya 10: Kabla ya kuchapa au kupaka

Soma kutoka mwisho kwenda mwanzo, neno moja moja. Ukisoma kutoka mwanzo, maana inakubeba na jicho linaruka. Ukirudi nyuma, kila *s* inasimama peke yake na inabidi ujibu ipo kwa nini.

Kisha mpe mtu mwingine asome, ambaye hakuiandika. Nimewahi kukipitisha kipeperushi cha nyumba ya wageni ya pwani ya mashariki peke yangu, usiku, nikiwa na haraka. *Beachs* ilinipita kwenye kichwa cha habari. Vilichapwa mia tano, na mwenyewe alivisahihisha kwa kalamu kimoja kimoja kwa wiki nzima kwa sababu hakuwa na fedha ya kuchapa tena. Tangu hapo sipitishi karatasi bila jicho la pili.

Mwandika vibao mpe karatasi yenye herufi kubwa zilizoachana, usimsomee kwa simu. Yeye hunakili anachokiona, na ritifaa iliyodondoka kutoka kwenye ncha ya kalamu yako ataichora kwa uaminifu, urefu wa kiganja. Mwombe aanze kwa chaki juu ya mbao, kabla hajafungua kopo la rangi. Nenda mwenyewe ukasome, herufi moja moja, kwa sauti. Ukikuta kosa, chaki hufutika kwa kitambaa kibichi.